Filimbi Niliyompigia Mwanangu

Jumamosi, 8 Machi

Nusu fainali ya mpira wa kikapu, wasichana wa shule za msingi. Refa mimi. Na binti yangu Chiriku anachezea shule yake. Jina hilo tumempa nyumbani kwa sababu mdomo wake haulali—hata uwanjani anajitangaza mwenyewe!

Kabla hatujaanza, kocha wa wapinzani akawaambia wazazi wa upande wake, kwa sauti ya kunifikia, kwamba leo wanacheza na watu sita: watano na mama mtu. Wakacheka. Nikacheka nao. Lakini neno hilo liliniingia.

Tangu hapo, Chiriku akimgusa mtu, filimbi. Wenzake wakigusa, nawaambia endeleeni. Mwishoni kabisa, akina Chiriku wako mbele kwa pointi moja, yeye akampokonya mpira msichana mrefu wa wapinzani. Safi! Mkono kwenye mpira tu—nilikuwa hapo hapo, naona hadi kucha zake. Nikapiga filimbi. Faulo yake ya tano, na kwa tano mchezaji hutolewa. Nje.

Yule mrefu akapewa mitupo miwili ya adhabu, akatia yote. Akina Chiriku wamefungwa.

 Chiriku alinitazama tu, kama anayengoja nimwambie natania.

Jumapili, 9 Machi

Leo mdomo wa Chiriku umelala. Amekula, ameosha vyombo bila kuambiwa, amekwenda kulala. Heri angelia.

Baba yake akaniuliza jikoni, taratibu: ile filimbi nilimpigia nani? Nikamjibu kwa ukali kwamba sheria ni sheria. 

Jumanne, 11 Machi

Nimekutana dukani na kocha wa wapinzani. Kanipa mikono miwili! Eti refa wa haki ni mimi, kumtoa nje mtoto wa kumzaa si mchezo. Akamwita na mkewe aje anione. Nikasema asante. Asante! Nimetoka bila sabuni niliyoifuata.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia Chiriku. Nilikuwa namsuka, ameketi chini, kisogo kwangu. Afadhali hivyo. Nikasema ile haikuwa faulo.

—Najua, akasema. Ulikuwa karibu.

—Nisamehe, mwanangu.

—Sasa kwa nini ulipiga?

Nikamwambia watu walikuwa wanasema.  Akauliza kama hao watu wanamjua yeye. Nikasema hapana, hawamjui.

Akainamisha kichwa nimalizie nywele. Hakusema amenisamehe. Nami sikuthubutu kuomba mara ya pili.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kwa mwalimu wa michezo anayesimamia mashindano. Nimemweleza kila kitu: niliona mpira umechukuliwa vizuri, nikapiga filimbi nisisemwe. Alinihurumia, na huruma yake ikaniuma kuliko kama angenigombeza. Akasema maji yakimwagika hayazoleki. Fainali ni kesho na waliopita wamepita.

Nikaomba basi nisichezeshe mechi ya akina Chiriku, ile ya kutafuta mshindi wa tatu. Akakubali, atamweka refa mwingine. Angalau hilo.

Jumamosi, 15 Machi

Mapumziko. Naandika nikiwa kwenye benchi, mwandiko kama wa kuku.

Huyo refa mwingine kaamka na homa! Filimbi ni yangu tena. Nilitaka kukataa, lakini watoto walishapanga mstari wakipeana mikono. Nikajiapiza: leo napiga ninachokiona, aseme atakayesema. Na ndivyo nilivyofanya. Chiriku sijampigia hata mara moja.

Maana hamgusi mtu. Wapinzani wanampita wakidundisha mpira mbele ya pua yake, naye kafunga mikono nyuma ya mgongo. Kocha wake sauti imemkauka: mpokonye, mpokonye bwana! Anautoa mkono kidogo. Ananitazama mimi kwanza. Anaurudisha.

Sasa hivi nimemfuata alipokuwa akinywa maji. Nikachuchumaa. Nikamwambia cheza mama, cheza unavyojua, sitakuonea tena.

Akafuta mdomo.

—Sawa, refa.

Refa! Wenzake walikuwa pale pale, labda ndiyo sababu. Labda.

Mtu wa saa ananipungia mkono. Watoto wamesharudi uwanjani, naye yuko katikati, mikono nyuma. Wote wananingoja mimi. Filimbi iko mdomoni na pumzi sina—