Kichina Kilichonitoka Ofisini

Shemeji uko wapi? Shika simu! Nimejifungia chooni hapa kiwandani.

Unakijua kile Kichina ambacho mabosi walitulazimisha kujifunza, ili tuonyeshe kuvutiwa wageni wao wakiongea. Glavu za kutugawia hawana, maneno wanayo! Mimi nimeshika mawili tu. "Hen yo isi", yaani inavutia sana. Na "ran ho ne", yaani halafu ikawaje.

Leo napiga deki ofisini kwa bosi. Yeye na meneja wameinamia faili, wanaongea Kichina chao chinichini. Mimi nakariri zangu, sina habari nao. Kumbe sauti imenitoka. "Hen yo isi. Ran ho ne?"

Shemeji! Bosi kafunga faili pap. Kafunga na mlango kwa ufunguo, mimi nikiwa ndani. Akampigia mkalimani, akamfungulia.

"Mzee, bosi anauliza umeanza lini kuelewa Kichina."

"Haki ya Mungu najua maneno mawili tu!"

"Na ukaona uyaseme pale pale?"

Hakuna aliyecheka. Hakuna!

Wameniachia sasa hivi. Mkalimani kanisindikiza kwenye korido, kanishika bega, kaninong'oneza: "Pole sana mzee. Lakini ulichosikia kuhusu kifo cha mkeo usimwambie mtu. Hasa kaka yake."

Shemeji, mimi sikusikia kitu. Sikuelewa hata neno moja!

Dada yako walituambia kaanguka hapa hapa kiwandani, akiwa kazini, kwa presha. Walituambia mimi na wewe, tumesimama pale getini, na tukawashukuru kwa jeneza.