Upepo wa Magurudumu Manne

Ihanja,
14 Februari 2005

Baba mdogo, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na mama mdogo na wadogo zangu. Mguu ulioangukiwa na jeki unaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha wiki mbili mfululizo na alizeti zimesimama vizuri.

Rimu nne na matairi yake vimefika. Kondakta alivishusha stendi vimefungwa kamba, havina hata mkwaruzo. Fundi wa hapa amezifunga, nati zimekaa sawasawa, na kwa mara ya kwanza tangu Juni gari la Chrispin limetembea. Nililiendesha mwenyewe hadi Singida mjini na ndoo thelathini za mafuta ya alizeti. Watu walisimama kuangalia. Najua walichokuwa wanasema: mume hajulikani alipo, gari lilikutwa limekalishwa juu ya mawe kule kwenye majabali ya njia ya Sepuka, halina gurudumu hata moja, na mke ndiye huyo ameshika usukani.

Shemeji Stefano alikuja tena Jumapili. Anataka tuweke matanga. Anasema mtu asiyeonekana miezi minane ni marehemu. Nikamuuliza, "Tutazika nini, shemeji?" Na Dorkas, mke wa Sixbert yule mchukuzi, bado hanisalimii. Mumewe yuko mahabusu tangu Julai kwa sababu alikutwa na jeki ya gari letu. Anasema aliiokota barabarani. Mimi sijui.

Shida ya gari ni moja. Kwenye dashibodi kuna taa ya njano yenye umbo la tairi na alama ya mshangao katikati. Haizimiki. Na kile kioo kidogo kilichokuwa kinaonyesha upepo wa kila tairi, sasa kinaonyesha vistari vinne tu. Nimejaza upepo mara tatu, hakuna mabadiliko. Nifanye nini?

Mwanao,
Elina


Dar es Salaam,
25 Februari 2005

Mwanangu Elina,

Marahaba. Sisi tuzima. Mguu bado una plasta na daktari amenikataza safari, ndiyo maana hunioni huko.

Taa isikuumize kichwa. Magari kama hilo, yaliyoletwa na wale wazungu watafiti wa madini kisha yakauzwa kwa mnada, ni mageni hata kwetu gereji. Ndani ya kila rimu ya zamani, pale penye mdomo wa kujazia upepo, kuna kidude kidogo chenye betri yake. Kinaitwa sensa. Kinapima upepo na kuutangaza kama redio, na gari linasikiliza. Rimu nilizokutumia ni za mtumba kutoka Japani, hazina sensa. Kwa hiyo gari linatega sikio na halisikii kitu. Taa ni malalamiko yake tu.

Sensa mpya hapa hazipatikani, na zikipatikana lazima gari lifundishwe kuzitambua kwa mashine ambayo sijaiona kwa macho. Bandika utepe mweusi juu ya taa. Usimruhusu fundi achomoe fyuzi, utapoteza na vitu vya breki. Pima upepo kwa mkono kila Jumatatu, paundi thelathini, basi.

Kuhusu matanga, usisukumwe. Ukiwa tayari utasema.

Baba yako mdogo,
Laurian


Ihanja,
9 Machi 2005

Baba mdogo, shikamoo.

Poleni na joto la huko. Sisi ni wazima wa mwili. Nivumilie mwandiko wangu wa leo.

Utepe niliubandika juu ya taa, kioo nikakiacha. Juzi mchana nilikuwa natoka Sepuka na magunia ya mahindi. Unajua pale kwenye majabali huwa sisimami, napita nimefunga kioo cha dirisha. Lakini rejeta ilichemka, mvuke ukanizuia kuona, nikalazimika kusimama. Baba, nilisimama palepale. Mawe waliyokalishia gari bado yako ukingoni mwa barabara.

Nilizima injini, nikaacha ufunguo umewashwa nisikilize redio, maana ukimya wa pale unaingia masikioni kama maji. Hapakuwa na mtu. Hakuna nyumba, hakuna mbuzi, ni majabali na kichaka tu. Nilikaa karibu saa nzima nikingoja rejeta ipoe. Ghafla vistari vikafutika. Zikaja namba: 30, 30, 29, 21.

Nilitoka nikapima matairi yangu. Yote yalikuwa na thelathini na mbili. Niliporudi ndani namba zilikuwa bado zipo, kama mtu anayenitazama. Nikawasha gari, nikaondoka na rejeta yangu mbovu. Mbele kidogo vistari vikarudi.

Nilimsimulia Marietha, jirani yangu. Amesema Chrispin anaita. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Niambie wewe unayejua vyuma.

Mwanao,
Elina


Dar es Salaam,
18 Machi 2005

Mwanangu Elina,

Marahaba, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara nne, ya mwisho mbele ya mafundi wenzangu.

Sikiliza. Gari lako haliwezi kusikia sensa ya gari lingine. Kila sensa ina namba yake ya siri, na gari linazijua zake nne tu, kama ng'ombe anavyomjua ndama wake katikati ya zizi. Gurudumu likitembea, sensa hutangaza kila mara. Likilala, hutangaza mara moja hivi kwa saa, ili betri isiishe. Ndiyo maana ulikaa saa nzima kabla ya kuona kitu.

Kwa hiyo si Chrispin anayeita. Ni magurudumu yake. Yako pale, yote manne, si zaidi ya hatua arobaini au hamsini kutoka uliposimama. Moja linavuja.

Elina, aliyeyaficha anajua mumeo alipo. Nenda polisi, waeleze nilivyokueleza, waonyeshe barua hii. Usiende pale peke yako.

Baba yako mdogo,
Laurian


Ihanja,
6 Aprili 2005

Baba mdogo, shikamoo.

Habari za mguu? Huku tunaendelea, ila mahindi yameingiliwa na nguruwe pori.

Polisi nilikwenda. Askari wa zamu aliisoma barua yako, akamwita mwenzake, wakaisoma pamoja. Akasema, "Mama, gari linaongea?" Wakacheka, si kwa ubaya. Kisha akasema pale walitafuta siku mbili mwaka jana na mtuhumiwa wanaye. Akanirudishia barua.

Nisamehe, nimekwenda peke yangu. Mara tatu. Kila Jumatano nikitoka Sepuka nasimama pale, nazima injini, naacha ufunguo umewashwa. Mara ya kwanza zilikuja 30, 30, 29, 17. Mara ya pili 30, 29, 29, 12. Nikawa nalihurumia lile moja kama mgonjwa. Niliita, "Mume wangu!" kupitia dirishani, sauti ikagonga jabali ikarudi.

Wiki hii ya tatu, baba, namba zilikuwa 30, 29, 29, 32.

Nilizitazama mpaka macho yakauma. Upepo haurudi wenyewe. Kuna mtu aliyepiga magoti mahali fulani karibu na mimi akalijaza lile gurudumu. Na nilipoinua macho nikahisi, sikuona, nilihisi tu, kwamba nimekaa pale nikitazamwa kwa wiki zote tatu.

Mwanao,
Elina


Dar es Salaam,
14 Aprili 2005

Elina mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Usirudi pale. Plasta inatolewa tarehe ishirini na tano, nitapanda basi siku inayofuata. Mpaka nifike, gari likae nyumbani. Nijibu mara moja uniambie umenisikia.

Baba yako mdogo,
Laurian


Dar es Salaam,
29 Aprili 2005

Elina,

Hujanijibu. Mguu haujaunga, wameufunga tena mwezi mzima. Nimempa barua hii dereva wa basi mkononi na nimemwambia asiondoke stendi mpaka akuone. Andika hata mstari mmoja.

Baba yako,
Laurian


Ihanja,
3 Mei 2005

Baba mdogo, shikamoo.

Mimi ni mzima. Nisamehe kwa kukutia hofu. Nilikuwa nangoja niwe na neno la kukuambia, na sasa ninalo.

Leo asubuhi gari nililiacha Sepuka, nikatembea kwa miguu hadi kwenye majabali, nikajificha nyuma ya jiwe. Jua lilipopanda nikasikia pampu ya baiskeli. Inavuta, inasukuma, inapumzika. Nikaifuata sauti. Kati ya majabali mawili kuna mwanya, mtu anapita kwa ubavu. Ndani pana uwazi kama chumba. Magurudumu manne yalikuwa yameegemezwa ukutani, yamefutwa vumbi. Mbele ya lile moja alipiga magoti mzee mwembamba, kanzu fupi, kofia ya ukindu. Na kando yake lilikuwepo rundo refu la mawe yaliyopangwa vizuri, ukubwa wa mtu.

Nilimwamkia shikamoo. Sijui kwa nini, mdomo ulitoa wenyewe.

Akasema, "Marahaba, mama. Nimekuona unavyokaa kwenye gari. Nilijua utaingia."

Anaitwa Abraham. Ni mrina asali, anaishi peke yake ndani ya kichaka, mizinga yake imetundikwa kuzunguka majabali yale. Aliniambia yote akiwa bado ameshika pampu. Siku ile Chrispin alisimama kununua asali. Mzee alikuwa anarina mchana, si saa yake, ila jioni macho yake hayaoni tena. Nyuki walikuwa wamechafuka, na kelele za injini zikawaudhi zaidi. Wakamvamia Chrispin. Alikimbilia kwenye majabali. Mzee alipomfikia alikuwa amekufa, uso umevimba hautambuliki.

"Niliogopa," akasema. "Mtu kafa kwenye mizinga yangu, gari lake zuri liko barabarani, mimi maskini niko peke yangu. Nani angesema ni nyuki? Nikamfunika kwa blanketi langu nikamzika. Nikayafungua magurudumu ili waseme ni majambazi. Polisi walipotafuta yalikuwa kwangu. Baadaye nikayaleta hapa kwake."

Nikamuuliza kwa nini anayajaza upepo.

"Ni mali ya mtu, mama. Hili lilipoanza kulala nililiona kama anakata roho mara ya pili."

Nikamwambia kuhusu Sixbert. Hakuwa anajua. Aliketi chini. Akasema, "Jeki niliitupa barabarani." Kisha akaniomba siku mbili, agawe mizinga yake, halafu atakuja Ihanja kwa miguu yake twende polisi. Nikamkubalia.

Sasa ni usiku wa kwanza. Shemeji Stefano sijamwambia, maana najua atakwenda na panga. Kama nimekosea nitakuwa nimemwachia aliyemuua mume wangu. Hilo ninalo hapa kifuani ninapoandika.

Mwanao,
Elina


Dar es Salaam,
11 Mei 2005

Mwanangu,

Barua yako imefika leo, na siku mbili zako zilikwisha zamani. Mtu anayeweza kuzika na kunyamaza mwaka mzima anaweza kufanya lolote. Alikuja? Mama yako mdogo amekaa mlangoni tangu asubuhi kama vile utatokea. Tuandikie.

Baba yako mdogo,
Laurian


Ihanja,
2 Juni 2005

Baba mdogo, shikamoo, na shikamoo kwa mama mdogo. Mwambieni aondoke mlangoni, mimi ni mzima. Poleni kwa msiba, maana sasa ni msiba.

Alikuja. Siku ya pili, jua linachomoza, nilifungua mlango nikamkuta amekaa kwenye ngazi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Sijui pasi alipata wapi. Akasema, "Twende, mama."

Polisi safari hii hawakucheka. Walifukua mbele yetu. Blanketi lilikuwepo, kama alivyosema, na mkanda wa Chrispin niliomnunulia mimi. Daktari alikuja kutoka mjini, akatazama muda mrefu, akasema kilichobaki hakiwezi kumwambia chochote kuhusu nyuki. Hapana alama ya panga wala rungu, lakini zaidi ya hapo hajui. Basi hakuna anayejua, ila mzee mwenyewe.

Sixbert ametoka. Amekonda, anakohoa, anatembea ameshika ukuta. Dorkas alikuja nyumbani, akakaa, akanywa uji. Alipoondoka aliosha bakuli. Nimepanga kumpeleka mumewe hospitali kila wiki kwa gari.

Tumemzika Chrispin nyumbani kwao tarehe ishirini na moja. Shemeji Stefano anataka nikasimame mahakamani niseme mzee ni muuaji. Wa upande wa mzee, mpwa wake mmoja kutoka Issuna, alikuja kuniomba niseme ni nyuki. Nimewaambia wote wawili jambo moja: nitasema nilichokiona. Alizika, alificha, na mtu asiye na kosa akakaa ndani miezi kumi. Mwizi angeuza magurudumu, yeye aliyajazia upepo. Kwa yaliyotokea siku ile, sikuwepo. Shemeji hajaja tena tangu hapo.

Kuna siku namwamini kabisa. Kuna siku naamka nimeshikilia ukingo wa kitanda.

Umeniuliza kama alikuja. Nikueleze safari yenyewe, maana sijamweleza mtu. Nilimkalisha mbele, kiti cha abiria. Hakuwahi kupanda gari dogo, alishika magoti yake kwa mikono miwili. Tulipokaribia mjini akaniuliza, akitazama barabara:

"Mama, alikuwa anaitwa nani? Watu walikuwa wanasema yule wa Ihanja tu. Niliogopa kuuliza jina, wasije wakanijua. Kila asubuhi nilikuwa namwamkia, nasema mgeni, umelalaje."

Nikamwambia, "Chrispin."

Akalisema polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma. Akalirudia. Alilirudia kwa sauti ndogo mpaka tukafika mlangoni mwa polisi, nikazima injini, na bado midomo yake ilikuwa inatembea.

Mwanao,
Elina