Haboba Hataki Uji wa Mchana

Jumatatu, 7 Mei 1979

Wodini sabuni hakuna tena. Sukari hakuna. Spiriti ya kusugulia migongo ya wazee imebaki kidogo chini ya chupa. Lakini wazee wapo, na migongo yao ipo!

Tumempokea bibi mmoja Mnubi wa Koboko, jina lake Hadijah. Wote wanamwita Haboba, ndiyo nyanya kwa lugha yao. Aliteleza uani, nyonga ikavunjika. Daktari ameagiza mguu uvutwe kwa kamba. Uzito wa kuvutia hatuna, kwa hiyo Obeti, mhudumu wetu, amefunga tofali. Linaning'inia mwisho wa kitanda, na kila apitaye analigonga kwa goti.

Mchana nilimpelekea uji. Kafunga mdomo. Nikajaribu kijiko kidogo, nikampapasa koo taratibu, kama tulivyofundishwa kwenye ile kozi ya kuuguza wazee. Akautema wote kwenye aproni yangu. Niifue kwa sabuni gani?

(Naandika Kiswahili cha utotoni, cha laini ya polisi, zile nyumba za askari nilikokulia. Mama mkwe husoma Kilugbara chote, hata barua zisizo zake.)

Jumatano, 9 Mei

Bado hataki. Maji pia! Ulimi umekauka. Jambo moja silielewi — asubuhi namkuta na nguvu kidogo, jioni amelegea kama kitambaa. Anayekufa haendi hivyo. Au huenda? Nimewauguza wengi, huyu ananichanganya.

Binti yake, Zulaika, hulala kwenye mkeka kando ya kitanda. Namuuliza, anainamisha macho. Mtu gani huyu, mama yake anakauka naye kimya!

Alhamisi, 10 Mei

Siku mbaya. Daktari alisema atalishwa kwa mpira wa puani. Niliupitisha mwenyewe, saa sita mchana, Obeti akimshika mikono. Maziwa yakaingia. Haboba akalia. Si kilio cha maumivu, hicho nakijua. Alilia kama mtu aliyeibiwa.

Zulaika akanivuta mpaka verandani. Maneno yake nayaandika yalivyo:

"Sista, mama hapana kataa chakula. Yeye iko nafunga."

Anafunga! Ramadhani bado iko mbali. Akaeleza: ujana wake Haboba alizaa na kunyonyesha miaka mingi, siku za saumu zikampita, na sasa anazilipa kabla hajafa. Usiku anakula vizuri tu, kisra, ile mikate yao myembamba, na mchuzi wa binti yake. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema alidhani najua. Mimi si mtoto wa laini ya polisi, niliyekulia kati ya Waislamu? Alidhani najua, na ninataka kumfungulisha kwa nguvu.

Nimeona aibu. Pia nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani. Nimeutoa mpira.

Jumapili, 13 Mei

Misa, halafu kazini. Zulaika alimleta Shehe Tahiru. Mzee mpole, anakohoa. Akamwambia Haboba kwamba mgonjwa hana saumu, alishe maskini, deni limekwisha. Haboba akaitikia vizuri. Akashukuru, akanywa chai mbele yetu saa nne asubuhi. Karibu nimkumbatie shehe!

Jumatatu, 14 Mei

Amesahau. Shehe gani? Chai gani? Mdomo umefungwa.

Zulaika anasema ndivyo ilivyo. Siku zile amekwisha kuzilipa, akazilipa tena, na kila alfajiri anaanza upya. Sasa huyu nimtibu nini? Nyonga, au hesabu yake na Mungu?

Jumamosi, 19 Mei

Nimebadilisha zamu. Namlisha mimi na Zulaika baada ya adhana ya magharibi, na tena kabla ya alfajiri. Katikati namgeuza, nasugua mgongo, naweka glovu iliyojaa maji chini ya kisigino kisichubuke. Daktari alicheka, akasema wodi imekuwa msikiti. Acha acheke. Midomo ya Haboba ina unyevu, kidonda cha kiunoni alichokipata kwa kulala kinafunga. Jana alinisimulia jinsi alivyoolewa na askari aliyekuwa anaogopa kuku. Nimecheka hadi Obeti akachungulia!

Adhana ikianza anainua kidole, watu wote wanyamaze. Ikiisha ndipo anafungua mdomo. Juzi mvua ilileta giza mapema. Obeti, na ujanja wake, akafunga madirisha, akamwambia jua limezama, ale. Haboba akamtazama sana. "Mwadhini iko wapi?" Obeti akatoka na uji wake.

Ijumaa, 25 Mei

Malori yanapita usiku na mchana kuelekea Koboko, askari na magodoro na mbuzi. Redio inasema hivi, watu wanasema vile. Watanzania wamefika wapi? Kila mtu ana jibu lake. Ondoga, mume wangu, amewavusha watoto hadi Kongo, ametuma mtu kutoka huko kwamba nifuate. Nimemjibu kesho. Nimeshajibu kesho mara ngapi?

Wanubi ndio wanaoogopa zaidi, kwa kuwa askari wengi wa serikali iliyoanguka ni watu wao, kwamba watalipizwa kisasi hata wasio na bunduki. Zulaika amepata nafasi kwenye lori, yeye na watoto, waende Sudan. Aliniuliza kama mama yake ataweza. Nikatazama lile tofali. Njia ile, lori lile, mguu ule! Nikasema atakufa kabla ya mpaka, abaki nami. Nilisema haraka, kwa sauti ya sista. Sasa nipo nyumbani na sauti ile imenikimbia.

Jumapili, 27 Mei

Ameondoka. Alimpaka mama yake hina viganjani, akamfunika kwa nguo yake nzuri ya njano, gurbaba. Hakulia. Mlangoni akaniambia, "Wewe nasema yeye bakia. Basi sasa ni mama yako."

Ni mama yangu. Wangu halisi alikufa kwetu Logiri nikiwa kozini.

Jumatano, 30 Mei

Daktari hakuja. Wagonjwa wengine wamebebwa na ndugu zao, mmoja kwa toroli. Wamebaki Haboba na bibi wawili wa Vurra wasiokuwa na mtu. Haboba ananiita Zulaika. Naitika. Anakula vizuri.

Ijumaa, 1 Juni

Hakuna adhana.

Jana jioni nilisubiri na bakuli mkononi. Jua likazama, nyota zikatoka, msikiti kimya. Obeti alikwenda kutazama: mlango una kufuli, shehe na mwadhini wamekwenda na watu wao. Nikamwambia Haboba ni usiku. Nikamwonyesha dirisha. Anaona kidogo sana. Nikamwambia mwadhini amekimbia vita.

"Mwadhini kama hapana ita," akasema, "basi jua bado."

Alfajiri pia hakula. Hata tone.

Jumamosi, 2 Juni

Obeti hakuja leo. Mizinga inasikika upande wa kusini, au ni radi. Sijui tena. Naandika kando ya kitanda.

Mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Ngozi ya mkono nikiibana inabaki imesimama. Bila maji hatafika Jumatatu. Mimi ndiye niliyesema abaki.

Mpira wa puani nimeuchemsha. Upo kwenye sinia, hapa. Sasa hana nguvu, hata peke yangu ningeweza. Maji yangeingia. Na kile kilio —

Jua limekwenda, nimelitazama mwenyewe. Maneno ya adhana nayajua. Nimekua yakinipigia sikioni kila siku, hata mengine nilikuwa nikiyaimba kisimani mpaka mama akanichapa. Lakini mwanamke haadhini. Tena Mkatoliki, na rozari mfukoni! Atanikasirikia Mungu wake au wangu? Au ni yuleyule, ananitazama mara moja? Nimechanganyikiwa. Nimemwomba Maria anisamehe, halafu nikaona aibu kumwingiza katika jambo hili.

Nilisimama dirishani, nikampa Haboba mgongo asiujue uso. Nikaita neno la kwanza la adhana. Sauti ilitoka nyembamba, ikavunjika. Nikakoma. Nimekaa tena, naandika.

Kikombe kimejaa. Hajaomba maji.

Ameinua kidole, kama adhana inapoanza, ninyamaze hata na kalamu. Anasubiri mwadhini amalize —