Nimekimbia Kipimo cha Utumbo kwa Sababu ya Shemeji

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada kabla sijapasuliwa mara ya pili, na ukicheka cheka kimyakimya, maana mimi si mtu wa kuchekwa, mimi ndiye fundi bomba anayeitwa na mtaa mzima wengine wakishindwa, shule niliiacha njiani lakini paipu zinanitambua, sasa mwaka jana utumbo ukajisokota nikakimbizwa hospitali, kuzinduka nakuta wamekata kipande na haja kubwa inatokea tumboni, kwenye mfuko, mimi huyu niliyekuwa navua shati hata kwenye baridi ili watu waone kifua.

Kazini nimesema ni ngiri. Kibarua wangu akaniuliza, "Bosi, mbona kitambi kimeota upande mmoja?" Nikamwambia, "Ndiyo kwanza kinaanza, utajiri hauji kwa pupa." Wakacheka, nami nikawazidi wote kwa kicheko, halafu nikajifungia chooni mpaka macho yakakauka.

Daktari anasema utumbo unaweza kuunganishwa tena, ila kwanza wapitishe dawa kwa nyuma na kupiga picha, waone kama kipande cha chini kimeziba au kinavuja. Nikaenda. Nimelala ubavu, gauni liko wazi nyuma, anaingia mpiga picha anavaa glovu, kumbe ni kaka wa mchumba wangu, na mchumba nilimwambia nimetolewa kidole tumbo tu. "Shemeji," akasema, "tulia, hakuna shida." Nilishuka kitandani nikatoka mbio nimeshikilia gauni kwa nyuma. Daktari nikamdanganya kwamba nimepimwa kwingine na niko safi, akasema nije na picha siku ya kulazwa, nami nimepanga kusema imelowa maji kazini. Kulazwa ni wiki ijayo. Mchumba mpaka leo ananiuliza kama kidonda cha kidole tumbo bado kinauma. Je, wakiniunganisha hivyohivyo kuna ubaya? Na nitakuwa kama zamani?

Ni mimi, Fundi Koki.

*

Fundi Koki, pole. Pole hiyo ni ya ugonjwa. Ya uongo sina.

Hebu niambie, ukiunganisha paipu, unafukia kabla hujafungulia maji uone kama panavuja? Kibarua akifanya hivyo si unamfukuza? Na huko angalau ukuta utaubomoa uanze upya, tumbo si ukuta. Mshono wa utumbo ukivuja, uchafu unamwagika ndani ya tumbo, na watu hufa kwa hilo. Wewe fundi mzima unataka kufukia bila kupima, tena tumbo lako mwenyewe.

Nimemuuliza daktari wa upasuaji kabla ya kukujibu. Wengi huunganishwa wakapona. Lakini usitegemee kuamka kama zamani: mwanzoni utakimbilia chooni kila mara, siku nyingine haja haitakusubiri, na kutulia huchukua miezi, wengine haitulii kabisa. Kidonda kinaweza kutunga usaha. Pale palipokuwa na tundu panaweza kuota ngiri ya kweli, si hiyo unayowauzia wenzako. Na wapo wachache wanaorudishiwa mfuko. Kama unavuta sigara, acha leo, maana huchelewesha mshono kushika.

Sasa fanya hivi. Kesho mpigie daktari, umwambie hukupimwa popote. Akisogeza tarehe, nyamaza, ni haki yake. Muulize pia kama misuli yako ya nyuma bado ina nguvu ya kuzuia haja, na mazoezi yake ni yapi. Jioni mkalishe mchumba wako, umweleze kwa mdomo wako, mfuko aone. Mtu atakayekaa kando ya kitanda chako hawezi kuuguza kidole tumbo cha kubuni.

Na huyo shemeji unayemkimbia, mwanangu, anajua kila kitu tangu siku ile. Dada yake bado anakuuliza habari za kidole tumbo, maana yake kijana wa watu hajafungua mdomo hata nyumbani kwao. Rudi kwenye chumba kile, mwombe radhi kwa kumkimbia, ulale ubavu, umwache afanye kazi yake.