Jina la Baba na Uhai wa Nadra

Majengo, Gisenyi,
Rubavu.
12 Oktoba, 2025

Mpendwa Kaka Hamdani,

Assalaam alaykum. Hamjambo hapo Ujiji? Mgongo wako umetulia, au bado unakukataza kuinama? Na Shemeji Tausi, miguu yake inaendeleaje? Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Baridi ya milima ya Bugeshi inatushukia kila asubuhi, na binti zangu wanagombania blanketi moja ingawa nimewanunulia mawili.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini simuni, Kaka, wewe husema na mimi huitikia "naam" mpaka salio linakwisha. Leo naandika ili nifike mwisho wa maneno yangu.

Nadra alipojifungua Zena, binti yetu wa nne, uliniambia tujaribu mara moja tena, huenda Mungu akatupa wa kiume. Wewe una mabinti, nami nina mabinti, na jina la baba linahitaji wa kulibeba. Sikukueleza wakati ule Nadra alijifungua vipi.

Alivuja damu, Kaka. Kondo la nyuma liligoma kutoka. Hospitalini hakuna aliyeniuliza fedha kwanza. Walitazama kadi ya mutuelle, bima yetu ya afya, wakaingia naye chumba cha upasuaji. Damu ya kuongeza ililetwa na kile kindege kisicho na rubani, ikadondoshwa kwa mwavuli wa karatasi. Nilisimama uani nikitazama juu kama mwehu. Alipozinduka, daktari alituambia wazi kwamba mimba nyingine inaweza kumuua.

Tukaanza kutafuta njia ya kuzuia. Kituo cha afya hutoa uzazi wa mpango bila malipo, ndivyo serikali ilivyopanga, lakini sindano zilimpandisha Nadra presha, na kumpasua tena daktari hakutaka. Nilikuwa naenda naye, nakaa kwenye benchi, nasubiri yeye aumie.

Mwezi wa nane tulikuwa kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, tukizibua mtaro chini ya soko. Baada ya kazi ukafuata mkutano, na Evode, fundi viatu ambaye ndiye mshauri wa afya wa mtaa wetu, akasimama mbele ya wanaume.

"Bon, banaume. Bibi zenu banachomwa shindano miaka yote. Ya banaume nayo iko, ya kufunga mishipa ya mbegu, pale ku santere ya afya, bure. Sasa tunaogopa nini?"

"We Evode! Unataka kutugeuza inkone?" mmoja akapaza sauti.

Watu walicheka mpaka majembe yakaanguka, maana inkone ni dume lililohasiwa. Na mimi nilicheka, Kaka. Halafu nikarudi nyumbani nikamkuta Nadra ameshika ukuta kwa kizunguzungu cha presha ili avuke chumba, na kicheko kikanikauka.

Nilimfuata Evode peke yangu. Nilikwenda pia kwa shehe, akaniambia uhai hulindwa kwanza. Najua wapo watakaosema vingine, na pengine wewe ni mmoja wao. Muuguzi alituita wote wawili, mume na mke, akatueleza kwamba jambo hili halina kurudi nyuma. Nadra aliinamisha macho.

"Mi sikukuomba," akaniambia. "Ukifanya, fanya juu ya vile we mwenyewe unataka."

Nilitaka. Nimefanya, Kaka, wiki mbili zilizopita. Tundu lenyewe ni dogo kuliko la kifungo, na mimi niliyeshona maisha yangu yote nilishangaa kuona daktari hakutia hata uzi mmoja. Mwanamume nimebaki vilevile. Jirani yangu Jack alileta suruali nimpunguzie kiuno, akauliza kama sauti yangu imebadilika. Nikamwambia kilichobadilika ni bei ya kupunguza viuno vya wambea.

Kwa hiyo mtoto wa kiume sitapata, wala mke wa pili sitaoa kwa ajili hiyo. Nimeumia kukuvunja moyo, maana sina baba mwingine ila wewe. Lakini ni wewe uliyenisimulia jinsi baba alivyokuwa bado anazunguka mjini kukopa fedha za hospitali, na mama akakata roho nyumbani siku aliyonizaa. Siku zile hakukuwa na kadi. Ulikuwa na miaka kumi, ukanifunga mgongoni kwa kanga yake, ukapita nami mlango kwa mlango kutafuta mwanamke wa kuninyonyesha.

Binti yangu Saidati naye sasa ana miaka kumi. Juzi alimbeba Zena mgongoni kwa kanga ya mama yake, na Nadra akawa anamkaripia kutoka jikoni kwamba amemfunga vibaya, mtoto ataanguka. Niliacha cherehani nikalia. Ni kama kanga ileile, Kaka, ila huyu mama yake yupo, na anagomba.

Nisalimie Shemeji Tausi na mabinti wote. Nadra anakuamkia na anaomba usimkasirikie, kwa kuwa uamuzi ulikuwa wangu. Mungu akupe afya, na amrehemu mama yetu Zena, ambaye mtoto amerithi jina lake, na ambaye sura yake siijui ila kwa kukutazama wewe.

Mimi mdogo wako uliyembeba, nikupendaye,

Hakimu