Koleo Langu na Sindano Yao

Bahi

Mdogo wangu Nathanaeli,

Mimi kaka yako nina miaka sabini na nane. Njaa ya mwaka sabini na nne ilishindwa kuniua, kifutu aliniuma akafa yeye, wake wawili nimewazika, na mganga aliyenikatia tamaa nimemzika pia. Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitamka. Shemeji Loisi hajambo? Na huko Nzuguni maji yanatoka?

Naandika kwa mkono wangu, vumilia herufi. Simu sikutaka, maana hapa nikiongea kwenye simu hata mbuzi wanajua. Wajukuu nao sikuwapa waandike, utaona kwa nini.

Ulisikia mkojo ulinigomea wakanipeleka hospitali. Daktari ni binti tu, Anitha, rika la wajukuu zangu. Akasema babu, hii ni saratani ya tezi dume, imeshatambaa mpaka mifupani. Akanieleza kuna homoni ya kiume, inatengenezwa kwenye korodani na kusafiri na damu. Ndiyo iliyonipa ndevu na sauti hii ya kuita ng'ombe toka ng'ambo ya mbuga, na sasa ndiyo chakula cha ugonjwa. Ipo sindano ya kuizima. Nikamuuliza kama anataka kunifanya maksai. Akacheka, halafu akaacha kucheka, akasema ndiyo babu, ila bila koleo.

Mimi huyu! Nani amehasi madume Bahi hii kama si mimi? Nawajua wanavyokuwa: shingo inanywea, ananenepa, hasira kwisha, mtoto anamvuta kwa kamba. Nikamwambia binti akamchome babu yake mzaa mama. Kilabuni nikawatangazia wote kwamba nimekataa. Thobias, yule jirani, akaninunulia pombe, akasema mzee huyu atakufa dume.

Lakini mgongo, Nathanaeli! Ulinilaza chini, mke wangu Yudith akawa ananigeuza kama mtoto mchanga.

Sasa nikuambie nilichowaficha wote wa kilabuni. Nilirudi kwa yule binti. Nikachomwa, na nikachomwa tena. Maumivu yamepungua, hapo hakudanganya. Ila joto linanipanda usoni ghafla kama mama aliyekoma siku zake, jasho linatiririka. Kifua kimeota matiti, yanauma yakiguswa na shati. Juzi kanisani watoto waliimba, nikalia, wala sikujua nalilia nini. Na Thobias akiniona bado anasimama, anasema dume letu limefika.

Wiki ijayo wananisubiri tena. Nikienda, huyu anayebaki simjui. Nisipoenda, maumivu yatarudi kunimaliza. Asubuhi naamua kwenda, jioni naamua kubaki. Mimi ndiye niliyekuchagulia shule, mke, hata kiwanja unachokalia. Safari hii njoo uniamulie wewe. Utakalosema nitafanya, sitabisha.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi kaka yako,
Mazengo

Ukidhani natia chumvi, muulize shemeji yako Yudith. Ndiye anayenifunga kanga kifuani kila asubuhi kabla sijavaa koti.