Boti ya Mtani Wangu

Baba Sofi wangu, mguu unaendeleaje huko Mshangano? Huku Unguja, mwanao Sofi anataka tulale baharini, kaniachia mimi nichague boti. Mwenzio nilikuwa naogopa maji! Boti ya kwanza ina mashuka meupe, ila nahodha kanuna kama kanyimwa chai. Ya pili imebabuka rangi, lakini mpishi wake Mhehe, mtani wetu sisi Wangoni! Kusikia natoka Mshangano, Songea, akadakia, "Mngoni na maji wapi na wapi? Ukizama nakuja kula ubwabwa msibani!" Nikacheka mpaka woga ukaisha. Mtani wa hivyo ataniachaje nizame? Nikachukua yake. Nimemwambia mpishi huyo kuwa mume wangu ana mguu mbovu, akasema, "Mlete, nitampandisha botini mgongoni kama gunia la mahindi." Basi upone, baba, nataka nikuone umebebwa na Mhehe.

Mama Sofi wako